Njaa ya Kimelea

Kwetu Isansa, kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, unaweza kukisia umri wa mtu kwa dawa ya malaria aliyomeza utotoni. Aliyejikuna usiku kucha ni wa klorokwini. Aliyemeza vidonge kwa mkupuo mmoja ni wa SP, iliyochukua nafasi mwaka 2001. Mimi ni wa dawa mseto, iliyoingia mwishoni mwa 2006: siku tatu, asubuhi na jioni.

Dawa mbili za kwanza ziliondoka kwa sababu moja: vimelea viliizoea kila moja kwa zamu yake. Dhidi ya klorokwini, protini moja ilibadilika, ikawa inaisukuma dawa nje ya kifuko ambamo kimelea husagia chakula.

Mseto umejengwa juu ya artemisinini, ambayo Tu Youyou na wenzake wa China waliitoa mwaka 1972 kwenye mmea wa jamii ya pakanga. Ndani yake kuna atomi mbili za oksijeni zilizoshikana. Kimelea kinapomeng'enya himoglobini kinafungua chuma. Chuma kinavunja mshikamano ule, na dawa inaunguza protini za kimelea. Ulafi wake ndio unaokiua.

Mwaka 2020 watafiti walionyesha kinavyokwepa. Kimelea chenye mabadiliko kwenye jeni K13 hula himoglobini kidogo katika saa zake za mwanzo. Kinafunga, dawa inakosa cha kuiwasha. Mwaka huohuo mabadiliko hayo yaliripotiwa Rwanda. Baadaye watafiti wakiwemo wa NIMR wakathibitisha Karagwe, mkoani Kagera, kwamba yanachelewesha kufa kwa vimelea. Wagonjwa wengi bado walipona, kwa kuwa mseto una dawa ya pili.

Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, waliacha klorokwini mwaka 1993. Jaribio lililochapishwa 2006 lilikuta inaponya tena karibu watoto wote waliopewa. Dawa ilipoondoka, vimelea sugu vilizidiwa na vile vya zamani.

Kwa hiyo vidonge vinavyobaki kabatini homa ikishashuka havimhusu mgonjwa peke yake. Malawi walisubiri zaidi ya miaka kumi wakiwa na dawa nyingine mkononi. Karibu dawa mseto zote za leo zinategemea artemisinini ileile. Ikishindwa, sisi tutasubiri na nini?