Mafunzo ya wapokea simu za dharura: 'Uko wapi?' hutangulia 'Kuna nini?'

NOVEMBA mwaka 1935 moto uliteketeza nyumba moja katika mtaa wa Wimpole, London, na wanawake watano wakapoteza maisha. Jirani aliyewapigia zimamoto aliachwa akisubiri kwenye foleni pamoja na simu za kawaida. Malalamiko yake gazetini yalizusha uchunguzi, na Juni 30, 1937 namba 999 ikaanza kutumika jijini humo. Marekani ilifuata kwa namba 911, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Februari 16, 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimboni Alabama.

Namba ilipatikana, lakini aliyeipokea kwa miaka mingi alifundishwa machache zaidi ya kuandika anwani na kuita gari. Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Dk. Jeff Clawson wa Salt Lake City, Utah, alipotunga kadi zenye maswali ya kumuuliza mpigaji na maelekezo ya kumpa kabla msaada haujafika.

Leo Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo lina utaratibu wake. California hudai kozi ya msingi isiyopungua saa 120. Kwa kawaida shahada haihitajiki. Mwombaji huwa amemaliza sekondari, hupimwa kasi ya kuchapa, huchunguzwa mwenendo wake, na huulizwa kama yu tayari kufanya kazi usiku na sikukuu. Baada ya darasa, hukaa kwa wiki au miezi kadhaa kando ya mpokeaji mzoefu anayesikiliza kila neno lake.

Somo la kwanza ni mahali. Katika vituo vingi vya nchi hiyo mpigaji huulizwa alipo kabla ya kuulizwa kilichotokea, kwa sababu simu ikikatika, gari linaweza kutumwa penye anwani bila maelezo, lakini haliwezi kutumwa penye maelezo bila anwani. Simu ya mkononi nayo mara nyingine huonyesha eneo la kukadiria tu. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kudadisi: njia panda gani, jengo gani, ghorofa ya ngapi.

Mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea kuelekeza watu kwa mti wa mwembe na kibanda cha chipsi atauelewa upesi uzito wa somo hilo. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022, iliyoweka majina ya mitaa na namba za nyumba, inagusa jambo hilo hilo.

Somo la pili ni sauti. Kumwambia mtu anayepiga kelele "tulia" hakumtulizi. Mwanafunzi hufundishwa kurudia ombi moja, kwa maneno yale yale na sauti ile ile, akiambatanisha sababu: "Mama, nitajie mtaa ili gari lifike." Mara nyingi, baada ya kurudiwa, mpigaji hujibu.

Kisha kuna moyo uliosimama, ambapo mafunzo hupimwa kwa dakika. Maswali makuu ni mawili: je, mgonjwa ana fahamu? Je, anapumua kama kawaida? Neno "kama kawaida" halikuwekwa kwa bahati. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kutweta au kukoroma kwa muda, na ndugu zake wakadhani anapumua. Majibu yote mawili yakiwa "hapana", mpokeaji humwelekeza mpigaji aweke viganja katikati ya kifua na kukibonyeza kwa kina cha angalau sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku yeye akihesabu kwa sauti. Kila dakika inayopita bila hatua hiyo wala mashine ya kuushtua moyo hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Wapigaji wengi hukasirishwa na maswali, wakidhani yanachelewesha gari. Katika vituo vikubwa sivyo ilivyo: mmoja huuliza na kuchapa, na mwenzake huyasoma maelezo hayo kwenye kompyuta na kulituma gari kwa redio, simu ikiwa bado hewani.

Kwa Tanzania, mfano ulio karibu ni m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ulioanza kusambazwa nchini mwaka 2022. Anayepokea simu ya 115 hupima hali ya mgonjwa kwa msaada wa programu, kisha huita gari la wagonjwa, au dereva wa kawaida aliyesajiliwa pale ambapo gari hilo halipo.

Kuhusu hadhi ya kazi hii, ubishi haujaisha. Orodha ya kazi ya serikali kuu ya Marekani iliyorekebishwa mwaka 2018 iliwaweka wapokea simu za dharura katika kundi la makarani, pamoja na wanaoongoza teksi na malori, ilhali polisi na zimamoto waliwekwa katika kundi la ulinzi. Texas mwaka 2019 na California mwaka 2020 zilipitisha sheria zao zenyewe kuwatambua kuwa ni miongoni mwa waokoaji wa kwanza.