Nukta, Mkato na Zimwi: Historia ya Makosa ya Uakifishaji na Sarufi katika Hadithi za Watoto za Kiswahili

Utangulizi

Kosa la uakifishaji au la sarufi katika hadithi ya watoto aghalabu huchukuliwa kuwa zao la uzembe wa mwandishi au wa mhariri wake. Mtazamo huo unaeleza sehemu tu ya tatizo. Kanuni zinazotumiwa kupimia usahihi wa hadithi hizi hazikuzaliwa siku moja wala hazina chimbuko moja. Nyingine zilitokana na mapokeo ya simulizi, nyingine na tafsiri za kidini, nyingine na usanifishaji wa enzi za ukoloni, na nyingine ziliingia pamoja na walimu na wahariri waliofunzwa kuandika kwa Kiingereza. Makala haya yanafuatilia historia ya baadhi ya kanuni hizo kwa nia ya kuonyesha kwamba si yote yanayosahihishwa ni makosa, ilhali baadhi ya yale yanayoachwa yapite huharibu maana.

Nchini Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Kwa watoto wengi wa bara, Kiswahili si lugha ya kwanza ya nyumbani, na kitabu cha hadithi ni mojawapo ya mahali pa awali wanapokutana na Kiswahili cha maandishi. Kosa lililochapishwa hugeuka kielelezo, kielelezo huigwa katika insha, kisha kalamu nyekundu humwadhibu mtoto kwa jambo alilofunzwa na kitabu.

Kutoka sauti hadi alama

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya hati za Kirumi kutamalaki. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake hunasibishwa na mwaka 1728, ni miongoni mwa ithibati mashuhuri za mapokeo hayo. Utaratibu wa nukta, mkato na alama za usemi kama ujulikanavyo leo haukuwemo katika miswada ya aina hiyo, wala ushairi haukupungukiwa na kitu kwa sababu hiyo. Vina na mizani vilitosha kumjulisha msomaji mahali pa kutua, na msomaji mwenyewe kwa kawaida alisoma kwa sauti mbele ya hadhira.

Ngano nazo zilikaa vinywani. Msimulizi hakuhitaji alama ya kuonyesha kwamba Fisi ameanza kusema. Aliikwaruza sauti yake, na watoto wakamtambua Fisi. Hakuhitaji nukta, alinyamaza. Ngano hizo zilipoanza kutiwa katika hati za Kirumi, hususan katika mkusanyiko wa Edward Steere uliochapishwa London mwaka 1870 kwa jina la Swahili Tales, na ule wa Carl Velten wa mwaka 1898, kazi yote ya koo, macho na mikono ya msimulizi ilibidi ifanywe na vidoa vichache vya wino. Hapo ndipo historia ya makosa inapoanzia, kwa kuwa hakuwezi kuwa na kosa la uakifishaji pasipo na uakifishaji.

Nani anasema?

Kanuni ya alama za usemi haikukubalika kila mahali kwa wakati mmoja. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyosomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi na walimu wa shule za misheni, haitumii alama hizo. Usemi halisi hutanguliwa na mkato na kuanzishwa kwa herufi kubwa. Kwa hiyo, mwandishi aliyelelewa na maandishi ya namna hiyo, kisha akatunga hadithi bila alama za usemi, hakuwa mjinga wa kanuni. Alifuata kanuni nyingine yenye hadhi kubwa katika jamii yake.

Hata hivyo, kilichofaa katika Biblia si lazima kifae katika hadithi ya mtoto wa miaka minane. Kiambishi a- katika kitenzi "akasema" hakibainishi kama msemaji ni Sungura au Fisi, mume au mke. Zaidi ya hayo, baadhi ya vitenzi vyenyewe vina utata ambao ni kituo pekee kiwezacho kuuondoa. Ichukuliwe sentensi hii: Sungura akamwambia Fisi nitakula wewe utalinda mlango. Neno "nitakula" lina maana mbili, kwani "ku" yake yaweza kuwa sehemu ya kitenzi cha silabi moja au kiambishi cha mtendwa. Iandikwapo: "Nitakula, wewe utalinda mlango," Sungura anagawa kazi kwa hila yake ya kawaida. Mkato ukihamishwa ukaja baada ya "wewe", Fisi anaambiwa kwamba ataliwa. Mtu mzima atakisia kilichokusudiwa. Mtoto anayejifunza kusoma hana akiba ya kukisia kwayo. Kuacha alama za usemi kote katika kitabu ni mtindo wenye historia. Kuzifungua bila kuzifunga, au kuzitumia ukurasa huu na kuziacha ule, ni kosa.

Mkato na kiambishi -ka-

Kinyume cha hayo kinaonekana katika matumizi ya mkato baina ya vishazi. Kanuni ya Kiingereza hairuhusu vishazi viwili kamili kuunganishwa kwa mkato mtupu. Wahariri waliofunzwa kanuni hiyo hukutana na sentensi kama hii: Akaamka, akanawa uso, akashika njia, akaenda zake. Wengine huikata ikawa sentensi nne, wengine huichomeka "na" kila penye pengo, ikawa "Aliamka na akanawa uso na akashika njia na akaenda zake."

Masahihisho hayo hayana msingi katika Kiswahili. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kukieleza kiambishi -ka- kuwa ni cha kusimulia matukio yanayofuatana. Kazi ya kuunganisha imo ndani ya kitenzi chenyewe, na mkato huonyesha pumzi tu. Anayeongeza "na" anaunganisha mara mbili kilichokwisha kuunganishwa, na anayetia nukta nne anaivunja mbio ambayo ndiyo uhai wa ngano.

Makosa halisi katika eneo hili ni mengine. Kosa mojawapo ni kuanza hadithi kwa -ka- pasipo kitenzi cha kuutia nanga wakati, kama vile -li- ya "palikuwa". Jingine ni kuruka kutoka -li- hadi -na- bila sababu ya kisanaa. Msimulizi hodari huweza kutumia -na- ili kulileta tukio mbele ya macho ya hadhira, lakini mruko huo huwa na mahali pake na marejeo yake. Ukitokea ovyo, msomaji mchanga hupotelewa na wakati.

Zimwi lilikuja au alikuja?

Baada ya mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, lahaja ya Kiunguja ilichukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha tahajia na sarufi na kuchunguza vitabu vya shule. Kanuni iliyotiliwa mkazo katika mafunzo ni kwamba viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa a- na wa-, yawayo yote maumbo ya nomino zao: kifaru alikimbia, simba wawili walinguruma.

Ulimwengu wa hadithi za watoto hauitii kanuni hiyo kwa wepesi, kwa kuwa ndani yake mti husema na chungu hulia. Tatizo hili halikuwa la ngano za kienyeji pekee. Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri iliyotolewa mwaka 1940, ilileta wanyama na karata wenye kusema, na uamuzi wa upatanisho haukuepukika. "Mti ulisema" humwacha mti kuwa mti uliofanya ajabu. "Mti alisema" humfanya mhusika, na hapo herufi kubwa hustahili kutumiwa kama katika jina la mtu. Vivyo hivyo, "zimwi likaja" huhifadhi ukubwa na utisho, ilhali "zimwi akaja" hulisogeza karibu na utu. Njia zote mbili zina hoja. Lisilo na hoja ni kuandika "zimwi likaja, akaketi, likacheka", kwani mtoto atauliza ni nani huyo aliyeketi.

Isichanganywe hali hii na "mbuzi ile ilikimbia" ya mazungumzo ya bara. Kinywani mwa mhusika yaweza kuwa sanaa ya kumchora. Katika sauti ya msimulizi ni kosa.

Shule, soko na mhariri

Kuundwa kwa East African Literature Bureau mwaka 1948 kulipanua uchapishaji wa vitabu vya lugha za kienyeji. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa, uliongeza mno mahitaji ya vitabu vya hadithi. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook umewezesha hadithi kutungwa na kusambazwa kupitia intaneti. Kila hatua imewafikishia watoto hadithi nyingi zaidi, nalo ni jambo jema. Lakini kila hatua pia yaweza kupunguza muda ambao mswada hukaa mbele ya mhariri.

Hitimisho

Historia hii inadai makosa yapambanuliwe. Yapo mambo yanayoitwa makosa ambayo ni mabaki ya kanuni ya zamani. Hayo yahitaji uamuzi mmoja unaofuatwa kitabu kizima. Yapo yaliyoundwa na kanuni za Kiingereza, kama mikato ya -ka-. Hayo yaachwe yalivyo. Na yapo yanayomnyima mtoto kujua nani alisema, lini, na nani alimla nani. Haya ya mwisho ndiyo yanayostahili kalamu nyekundu, na mahali pa kuitumia ni juu ya mswada, kabla haujafika mikononi mwa mtoto.