Kufuga samaki wa bahari Kainuk: riakta na udhibiti wa fosfeti na naitreti

Nilipohamia Kainuk kikazi nilikuja na tangi langu la lita 60, lenye samaki wawili wa mistari myeupe na anemoni mmoja wa baharini. Nyumbani Pwani, tangi likichafuka nilikuwa nikishuka ufukweni na ndoo nikachota maji mapya. Hapa, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, bahari iko karibu kilomita elfu moja. Maji ya bahari nayatengeneza mwenyewe kwa chumvi maalumu ya tangi (si chumvi ya mezani) na maji matamu. Na maji matamu ndiyo hayo jirani anayoyabeba kwa mtungi kutoka mbali. Kumwaga ndoo nzima kila wiki mbele yake ni aibu. Ndipo nikajifunza riakta.

Uchafu hutoka wapi?

Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki huoza na kuacha naitreti na fosfeti. Hivi ni mbolea. Vikizidi, mwani hufunika kioo na mawe.

Joto la huku nalo hukausha maji haraka. Maji huondoka, chumvi hubaki. Kwa hiyo jazia maji matamu, kamwe usijazie ya chumvi. Ukijazia ya kisima kila siku, madini yake hubaki tangini na kulundikana. Mimi hutumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, au yaliyosafishwa ya dukani.

Riakta ni nini?

Ni mrija mpana uliofungwa, wenye chembechembe za kuchujia ndani. Pampu ndogo husukuma maji yapite katikati ya chembe hizo, kisha yarudi tangini. Chembe hizo ni za aina tatu:

- Oksidi ya chuma hunasa fosfeti. Naitreti haiigusi.
- Mkaa amilifu huondoa umanjano na harufu. Usiutegemee kwa naitreti wala fosfeti.
- Vidonge vya kulisha bakteria hupunguza naitreti na kiasi cha fosfeti, lakini bakteria hao hula oksijeni nyingi. Kwa tangi dogo linalotegemea sola, mimi siviweki.

Kosa langu

Mara ya kwanza nilimimina oksidi ya chuma kipimo kizima. Fosfeti ikashuka ghafla, nikafurahi. Baada ya siku chache anemoni akaanza kusinyaa, na hatimaye akafa. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo sana unaomlisha, na mwani huo nao unahitaji fosfeti kidogo. Kumbe lengo si sifuri.

Sasa nafanya hivi:

1. Naosha chembe mpaka vumbi jekundu liishe.
2. Naanza na nusu ya kipimo, au chini yake.
3. Naachia maji polepole, chembe za juu zitikisike tu. Zikigongana sana husagika.
4. Napima kila wiki. Fosfeti naiweka kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita, naitreti kati ya 2 na 10.
5. Fosfeti ikianza kupanda tena, chembe zimejaa, nabadilisha.
6. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, namwaga maji yaliyolala ndani ya riakta kabla ya kuwasha. Yamekosa oksijeni.

Riakta haikuondolei kazi yote. Bado nabadilisha lita 6 kila wiki mbili, kwa kuwa ndiyo njia yangu ya kupunguza naitreti, na nalisha kidogo, kile tu kinachomalizwa kwa dakika mbili.

Ndugu msomaji, samaki hawa wa mapambo huvuliwa na wapiga mbizi kwenye miamba yetu, kama ile ya Shimoni na Kilifi. Kila anayekufa kwa uzembe wetu, mwingine hutolewa mwambani kujaza nafasi yake. Kama huna kipimo cha fosfeti, nunua hicho kwanza. Riakta baadaye.