Dawa za mzio wakati wa matibabu ya uzazi

Dawa za mzio, au aleji kama wengi wasemavyo, hutuliza chafya, mafua ya maji, macho kuwasha na vipele. Mwanamke anayetumia klomifeni au letrozoli kupevusha mayai, au anayeandaliwa kupandikizwa mimba, anaweza kutumia nyingi kati ya dawa hizo. Hatari iko kwa chache zinazouzwa kwenye kaunta hiyohiyo.

Kwa mfano, Magamba, juu ya mji wa Lushoto katika Milima ya Usambara, ukungu ni wa aina mbili: unaoshuka kutoka msituni na unaoota ukutani. Kuanzia Juni hadi Agosti blanketi halikauki vizuri na moshi wa kuni haupati pa kutokea. Mwenye mzio huishia duka la dawa muhimu kuomba “dawa ya mafua”. Hilo ni ombi pana mno.

Akipewa setirizini au loratadini, yuko salama: zimetumiwa na wajawazito wengi bila kuonekana kudhuru mimba. Piritoni nayo ni ya siku nyingi ila inaleta usingizi, hivyo siku ya kuvuna mayai mtoa dawa ya usingizi aambiwe. Dawa ya kupuliza puani yenye budesonidi huingia kidogo kwenye damu. Wapo wanaohofu kwamba kinachokausha mafua hukausha na ute wa mlango wa kizazi. Haijathibitishwa kuwa hilo huzuia mimba, na kwenye upandikizaji mbegu za kiume hazipiti kwenye ute huo.

Cha kuogopa ni mchanganyiko. Vidonge vingine vya mzio vina betamethasoni ndani, ambayo ni steroidi, na mnunuzi hajui. Steroidi ya kumeza bila mpango wa daktari, au sindano yake ya kukaa muda mrefu, yaweza kuvuruga hedhi, nayo hedhi ndiyo kalenda ya tiba nzima. Vidonge vya kuzibua pua vyenye sudoefedrini viachwe tangu kiinitete kinapopandikizwa. Mwenye pumu, kinyume chake, asiache inhela yake.

Upande wa pili husahaulika: tiba yenyewe yaweza kuleta mzio. Projesteroni ya sindano mara nyingi huyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta au karanga; asiyepatana na karanga aseme kabla ya kuchomwa. Na tumbo likijaa na pumzi kubana baada ya kuchochewa mayai, huo si mzio wa kumezea piritoni, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Kliniki za upandikizaji ziko miji mikubwa kama Dar es Salaam, na kwa mtu wa Magamba ni baada ya kushuka kona zote za mlima hadi Mombo. Muuza dawa wa jirani humwona mgonjwa mara nyingi kuliko daktari wake. Basi aambiwe kwamba mteja anatafuta mtoto, na pakiti ya kila dawa, hata ikiwa tupu, ipelekwe kliniki.