Kipimo cha Ubunifu kwa Waunda Vyombo wa Ujiji

Namna ya kupima ubunifu kazini, yaani uwezo wa kutoa kitu kipya kinachofaa kwa shughuli iliyokusudiwa, hudhaniwa kuwa swali la ofisi za leo, ilhali katika mji wa Ujiji, ambao sasa ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, swali hilo lilikabiliwa ufukweni tangu karne ya 19. Mwaka 1858, wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, majahazi yalikuwa adimu kiasi kwamba Speke alivuka Ziwa Tanganyika hadi kisiwa cha Kasenge kutafuta la kukodi, akalikosa, nao wakaenda Uvira kwa mitumbwi. Kadiri biashara ilivyokua, ufundi wa pwani ulikutana na miti ya ziwani: mitumbwi iliyochongwa Ugoma, ng'ambo ya magharibi, ilivushwa hadi Ujiji, ikaongezewa mbao ubavuni, na viungo vikazibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi.

Kipimo thabiti, kwa maana ya kile kinachotoa jibu lile lile kikirudiwa au kikishikwa na watu tofauti, hakipatikani kwa safari moja ya chombo cha namna hiyo, kwa kuwa shwari huficha kasoro na dhoruba huzamisha hata kilichoundwa vyema. Misimu mingi ndiyo huamua, pamoja na macho ya watu wasiotazama jambo moja, kwani nahodha hutazama chombo kinavyotii usukani, ilhali fundi hutazama mshono.

Watafiti nao walifikia wazo la macho mengi: huko Marekani, baada ya J. P. Guilford kuwahimiza wanasaikolojia wenzake mwaka 1950 wauchunguze ubunifu, vipimo vingi vilikuwa vya maswali ya karatasini, hadi mwanasaikolojia Teresa Amabile alipopendekeza mwaka 1982 kwamba kazi yenyewe itazamwe na wajuzi wa fani, kila mmoja peke yake, kisha hukumu zao zilinganishwe.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa kwa vigezo vilivyowekwa mapema, ambavyo huthibitisha vizuri kwamba mshono umezibwa ipasavyo, lakini ni vigumu vimpe alama fundi aliyebuni muundo usio na kigezo. Pengo hilo laweza kuzibwa na jopo la wajuzi, mradi kila mmoja aandike alama zake kabla ya kusikia za mwenzake, kwa kuwa mahali ambapo fundi mkongwe huheshimiwa, neno lake la kwanza hufunga vinywa vya wengine.