Ng'ombe wa Nyanza Kusini: Kutoka Zebu wa Boma hadi Mbegu ya Kabete

Katika boma la Mluo wa Homa Bay au la Mkuria wa Migori, maziwa yalikuwa faida moja tu ya ng'ombe. Ng'ombe ndiye aliyelipa mahari, aliyevuta plau na aliyechinjwa matangani. Zebu huyo mdogo mwenye nundu alichujwa na shida. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka mifugo ya Afrika Mashariki. Kupe walieneza ndigana kali, na Bonde la Lambwe lilijaa mbung'o waenezao nagana. Aliyesalia ndiye aliyezaa. Ndama akishanyonya, zebu hukamuliwa lita 1 au 2 kwa siku, lakini huvumilia kiangazi kwa nyasi kavu.

Walowezi walikuja na Ayrshire, Friesian, Guernsey na Jersey. Uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu bila fahali, ulianza Kenya mwaka 1935, na mwaka 1946 kituo cha kutayarisha mbegu kikajengwa Kabete. Mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, ndio uliomfungulia mkulima Mwafrika mlango wa ng'ombe wa gredi, yaani wa kigeni na chotara wao. Baada ya uhuru, mwaka 1966, serikali ilianzisha huduma ya kitaifa ya uhimilishaji na kubeba sehemu kubwa ya gharama. Huko Naivasha, Sahiwal waliotoka Punjab walizalishwa kwa ajili ya sehemu zenye joto.

Faida kubwa ilikwenda Kiambu na Nyeri, penye baridi na karibu na soko la Nairobi. Ng'ombe wa gredi aliyeteremshwa hadi kando ya Ziwa Victoria alipambana na joto na kupe. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, serikali ilijiondoa katika huduma nyingi za mifugo. Majosho mengi yakakauka, bei ya mbegu ikapanda, na wafugaji wengi wakarudi kwa fahali wa kijiji, ambaye mara nyingine hupanda hata binti zake mwenyewe.

Wakati huohuo ng'ambo kulikuwa na funzo. Uwezo wa kutoa maziwa hurithiwa kwa kiwango cha kutosha, kwa hiyo ukichagua madume kwa maziwa utaona matokeo haraka. Wepesi wa kushika mimba hurithiwa kidogo sana. Nchi nyingi zilizochagua kwa lita peke yake zilipata ng'ombe wenye viwele vikubwa wasioshika mimba kwa urahisi. Norway ilitangulia kuingiza afya na uzazi katika hesabu ya uteuzi, na ng'ombe wake wekundu wakasifika kwa yote mawili. Kwetu jambo hili ni zito zaidi: ng'ombe wa maziwa mengi asiyeshiba huyeyusha mafuta ya mwili wake, na huchelewa kuingia joto.

Mtazame mhudumu wa uhimilishaji anapofika Rongo kwa pikipiki. Nyuma amefunga mtungi wa naitrojeni, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Akiufungua, mvuke mweupe unamwagika pembeni. Anachomoa mrija mwembamba wa mbegu, anautumbukiza katika maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika hivi, anaupangusa na kuuingiza kwenye bomba lake. Ng'ombe aliyeonyesha joto asubuhi hupandishwa jioni. Wa jioni hupandishwa asubuhi inayofuata. Pikipiki ikikwama matopeni, nafasi imepita, na mfugaji atasubiri siku 21 nyingine huku akiendelea kununua chakula cha ng'ombe asiye na mimba.

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Historia hii inatuonyesha ng'ombe tunayemhitaji: chotara mwenye damu ya maziwa, anayebaki na ustahimilivu wa zebu au Sahiwal, na anayezaa karibu kila mwaka. Hatapatikana kwa kukisia. Mfugaji wa Ndhiwa, wa Oyugis, wa Kehancha, nunua daftari. Andika siku ng'ombe alipopandishwa, jina la dume, siku aliyozaa na lita za kila siku. Zebu alichaguliwa na sotoka na kupe. Huyu mpya tutamchagua sisi, na daftari hilo ndilo litakalotuonyesha ndama gani wa kubakiza.