Chimbuko, Tanuri na Mlango

Open vSwitch, programu inayofanya kazi ya swichi ya mtandao, hupatikana kwa njia mbili. Unaweza kuichukua ikiwa kifurushi kilichokwisha kuandaliwa, au ukachukua maandishi yake ya lugha ya C na kuyajenga mwenyewe mpaka yawe programu. Maandishi hayo yamezoeleka kuitwa msimbo chanzo. Mimi nataka yaitwe chimbuko, na sababu yangu iko Kolwezi, mji wa migodi huko Katanga, Kongo.

Chanzo ni pale jambo linapoanzia. Chanzo cha ugomvi, chanzo cha moto: kikishajulikana, watu wanakiacha nyuma. Chimbuko lina sururu ndani yake. Limetoka kwenye chimba, likapita chimbua, likafika chimbuka, yaani kutokeza ardhini baada ya kufukuliwa. Dilala na Manika, komuni mbili za Kolwezi, zinaishi kwa kitenzi chimba. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliundwa 1906, Gécamines ya serikali ikairithi migodi yake baada ya utaifishaji wa 1967, na kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa wa Kasulo mwaka 2014, watu walichimba mashimo uani na hata ndani ya nyumba zao. Mtu wa huko akiambiwa ajenge programu kutoka chimbukoni, anajua tayari kwamba kuna jasho.

Kazi yenyewe ina amri nne: ./boot.sh, ./configure, make, make install. Ya pili inahoji mashine: kompaila ya C ipo? Python ipo? Kikikosekana kitu, inasimama na kukitaja. Ya tatu, inayoyageuza maandishi kuwa programu, ndiyo inayonisumbua kwa jina. Fundi wa Katanga, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, atasema “nilisha kukompile” na wenzake watamwelewa. Wapo wanaoandika kukusanya, lakini hiyo ni kazi ya mtunga kamusi. Haielezi kinachotokea humu.

Napendekeza kuyeyusha. Karne nyingi kabla ya kampuni yoyote, mafundi wa Katanga walijenga matanuri kwa udongo wa kichuguu, wakatia malakiti na makaa, wakavukuta mpaka mukuba ukatoka. (Mukuba ndiyo shaba ya huku. Serikali iliuita mkoa mzima Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, kwa neno la pwani.) Misalaba ya shaba imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, kwenye bonde la mto Lualaba. Jiwe la malakiti, la kijani, halifanani na madini mekundu yaliyotoka ndani yake. Ndivyo ilivyo hapa: mistari ya C inayosomeka na binadamu inaingia, amri za mashine zinatoka, na kuzirudisha amri hizo ziwe mistari ya mwanzo ni kazi ngumu mno. Kwa hiyo chimbuko hutunzwa, na leseni ya Apache 2.0 inamruhusu yeyote kulichukua na kulibadilisha. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya jumuiya hiyo iko Zanzibar. Ingefaa sana iwasikilize na waliozoea tanuri.

Swichi, iliyomo katika jina la programu, ni neno gumu zaidi, kwa kuwa tayari tunalo ukutani. Swichi ya taa ina mambo mawili tu, kuwasha na kuzima. Swichi ya mtandao inakumbuka. Fungua chimbuko la Open vSwitch utafute faili lib/mac-learning.c: humo mumeandikwa jinsi programu inavyotazama kila fremu ya data inayoingia, ikaandika anwani ya aliyeituma na upande aliotokea, ili jibu lake lipelekwe upande huohuo. Kwa kawaida mtumaji akinyamaza kwa sekunde 300, anwani yake inafutwa. Hata hivyo sitalipinga neno. Mafundi wameshalikubali kutoka Mombasa hadi Lubumbashi, na istilahi isiyotamkwa na fundi haina kazi.

Neno ninalolipinga ni dhahania, linapowekwa badala ya pepe kutafsiri virtual, ile v ya vSwitch. Dhahania ni ya mawazoni. Tuliifahamu darasani kwenye nomino za upendo na uhuru. Swichi hii haina boksi lake wala taa zake za kumetameta, lakini fremu inazopitisha kati ya mashine pepe, zilizomo ndani ya kompyuta moja, ni za kweli. Sehemu yake inayokaa kwenye kiini cha Linux imo humo rasmi tangu toleo 3.3 la mwaka 2012. Swichi pepe, basi.

Baada ya make install, hifadhidata ya swichi hiyo ikishaundwa na huduma zake mbili, ovsdb-server na ovs-vswitchd, zikishaanza, fundi anaandika ovs-vsctl add-br br0. Hilo ni daraja, na Kiswahili hakihangaiki. Kisha anaandika ovs-vsctl add-port br0 eth1. Hapa kuna mtego kwa aliyesoma Kifaransa, maana port kwake ni bandari pia, na nimeona tafsiri zilizoleta meli mahali pa waya. Kinachoongezwa ni mahali pa kuingilia na kutokea: ongeza mlango eth1 kwenye daraja br0. Sentensi hiyo inaweza kusomwa Dilala bila tanbihi.